Aliyezaliwa Juu ya Honda

Gibson Mugeta aliiona ile Honda kwa sababu ya kuku.

Siku hiyo alikuwa Butiama, amevaa koti jeupe la daktari na kushika kichupa cha maji ya bluu, akichanja kuku wa watu nyumba hadi nyumba. Maji yalikuwa maji kweli, tusimsingizie. Bluu ndiyo ilikuwa ya kufulia mashati. Kila kuku alipata tone moja mdomoni kwa shilingi mia mbili, na kwa vile hakuna kuku aliyewahi kufa kwa kunywa maji, Gibson alijihesabu miongoni mwa watu wasio na madhara mkoani Mara.

Kwa Mama Hyasinta kuku walimkataa. Walikimbilia bandani wote kumi na mmoja, naye akainama akaingia nyuma yao. Mle ndani kulikuwa na giza na harufu. Macho yalipozoea alimwona jogoo amekaa juu kama mwenyekiti wa kikao, na alichokikalia hakikuwa kichaga. Kilikuwa usukani.

Gibson akamsahau jogoo. Alifuta kinyesi kwa mkono wa koti, ikatokea taa ya mviringo. Akafuta zaidi, ikatokea kinga nyeupe ya miguu, kisha bodi iliyobonyea katikati, ile inayomwezesha mwanamke kupanda na kitenge chake bila kumwonyesha mtu magoti. Honda sabini. Ndogo, ya zamani, ya Kijapani kabisa, na hakuna fundi aliyekuwa ameikata wala kuichomelea.

Wiki mbili kabla ya hapo, mjini Bunda, tajiri mmoja aitwaye Werema alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Werema alikuwa na loji kando ya barabara ya kwenda Serengeti. Picha ilikuwa ya pikipiki ndogo kama hii, imetengenezwa upya, nyeusi tii, imesimamishwa kwenye ukumbi wa hoteli moja ya mbali huku watalii wakiikumbatia.

"Niletee kama hii," Werema alisema. "Iwe na kadi yake halali. Nakupa milioni nne."

Milioni nne! Gibson alikuwa na umri wa miaka arobaini na tano na alilala Musoma, Mwigobero, katika stoo ya dada yake Eunice, katikati ya magunia ya dagaa. Kila jioni Eunice alifunga stoo kwa kufuli kutoka nje kwa kuogopa wezi, na kila asubuhi akaja kufungua. Mtu mzima, mwenye ndevu, anafungiwa pamoja na dagaa. Kwa milioni nne angepanga fremu ya duka mtaa wa Mukendo na chumba nyuma yake, na ufunguo ungekaa mfukoni mwake mwenyewe. Hakutaka makubwa. Alitaka mlango.

Alitoka bandani polepole, manyoya juu ya kofia yake.

"Mama, hii pikipiki ni ya nani?"

Mama Hyasinta alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine. "Ilikuwaga ya mume wangu, marehemu Apolinary. Alikuwa bwana mifugo. Sasa hivi ni ya kuku."

Gibson akavua kofia. Alikuwa na kipaji cha machozi; jicho la kushoto lilianza, la kulia likafuata kwa adabu.

"Bwana mifugo Apolinary," alinong'ona. "Mama, mimi nilizaliwa juu ya hii Honda."

"Nini?"

"Mwaka sabini na tisa, mwezi wa nne, mvua kubwa. Mama yangu yuko Bugwema, uchungu umemkamata, gari hakuna. Bwana mifugo akapita. Akampakia nyuma, akakimbiza. Hospitali hawakufika, mama. Nilitoka njiani. Alinipokea kwa mikono yake, ile aliyokuwa anapokelea ndama. Mama yangu hunisimulia kila Krismasi. Miaka yote namtafuta huyo mzee nimpe asante, kumbe ametangulia."

Mwongo wa kawaida husema "zamani". Mwongo hodari hutaja mwaka, mwezi na hali ya hewa. Gibson alikuwa hodari.

Mama Hyasinta alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama koti, akatazama kichupa, akatazama kiatu cha kulia ambacho kidole kilikuwa kinachungulia nje kama mtoto mdadisi.

"Umekula?" aliuliza.

Alimpa ugali na samaki wa kuchemsha, ningu mnene wa ziwani, na aligeukia upande wa zizi wakati mgeni anakula, ili asione aibu kwa jinsi alivyokuwa anakula haraka.

Aliposhiba, Gibson alifikia jambo lenyewe. "Mama, niruhusu niifufue. Gharama zangu zote. Niifumue, niijenge upya, ing'ae, niirudishe hapa. Hiyo ndiyo asante yangu kwa marehemu."

"Ichukue," alisema Mama Hyasinta.

Gibson nusura acheke.

"Lakini haitoki Butiama. Kuna fundi hapo senta, anaitwa Pelagia, ana mkono mzuri. Atengeneze yeye. Na kadi inabaki kwenye kopo langu. Nitaitoa siku ya shukrani, kanisani, mbele ya watu, mkononi mwako."

"Mkononi mwangu?"

"Si wewe ndiye unanitengenezea? Na kwa vile umezaliwa juu ya Honda ya mume wangu, wewe ni mtoto wa nyumba hii. Mtoto halali gesti. Chumba cha Dennis kiko wazi, Dennis wangu yuko Mwanza. Ufunguo huu hapa."

Akamwekea ufunguo kiganjani. Gibson aliutazama kama mtu aliyepewa noti asiyoijua ni ya nchi gani.

Kesho yake alikuwa Bunda, kwenye ofisi ya Werema.

"Imepatikana, bosi. Ila imekaa na kuku miaka mingi. Inahitaji vifaa. Ukinipa laki nane hivi taslimu..."

Werema alicheka mpaka kiti kikalia. Alikuwa mtu mnene, msafi, anayependa jina lake liandikwe mahali. Liliandikwa kwenye loji, kwenye pikapu, hata kwenye ndoo za kudekia. "Taslimu? Wewe Gibson, mimi sitapeliwagi. Hela sikupi hata mia. Vifaa nitaagiza mwenyewe Mwanza, vitakuja kwenye maboksi yenye jina langu, na wewe utavipeleka tu. Umesikia?"

"Bosi una akili," Gibson alisema kwa masikitiko.

"Sasa sikiliza ninavyoitaka. Usukani mfupi. Siti ya mtu mmoja, ngozi ya kahawia. Madigadi ng'oa. Kinga ya miguu ng'oa. Rangi nyeusi. Iwe kama mbwa wa polisi."

"Mbwa wa polisi, bosi."

Maboksi yakaja: matairi, vioo viwili, taa, ngozi ya siti, cheni, ringi za pistoni. Kila boksi limeandikwa WEREMA, BUNDA kwa kalamu nene. Gibson aliyapeleka Butiama, akampa fundi maelekezo yote ya mbwa wa polisi.

Pelagia alikuwa dada wa miaka thelathini na kidogo, ovaroli lake limekatwa mikono, maneno machache. Alikuwa ameifumua Honda yote na kuipanga juu ya turubai, kila boliti ndani ya kopo lake. Alimsikiliza Gibson mpaka mwisho.

"Mama amepita asubuhi," alisema. "Kasema anataka siti ya watu wawili."

"Ya wawili ya nini?"

"Na madigadi yawe mapana kuliko ya zamani. Gauni la kanisani lisirukiwe na tope. Cheni ifunikwe yote, isimume kitenge. Na mbele kikapu cha chuma, kiingie chupa ya uji."

"Uji!"

"Ana rafiki yake Kiabakari, Mama Rhobi, kalala kitandani mwaka wa pili huu. Miguu ya mama inamkataza kufika. Anataka ampelekee uji."

Gibson alijikuna shingo. Ukitaka kumwiba ng'ombe, alijisemea, kwanza mpe chumvi. Kadi iko kwenye kopo. Kopo liko kwa mama. Mama akifurahi, kadi inatoka. Kikapu ni boliti nne tu, hata mtoto anakifungua.

"Mpe kikapu," alisema. "Mpe vyote. Lakini viwe vya kufungua."

"Mimi nachomelea," alisema Pelagia, akashusha miwani yake ya kuchomelea, mazungumzo yakaishia hapo.

Ndivyo ilivyoanza vita ya ile Honda. Werema alipiga simu kila jioni. "Nitumie picha." Gibson akawa mpiga picha. Siti ndefu aliipiga kwa mbele, ikaonekana fupi. Kikapu alikifunika kwa shati lake. Siku Pelagia alipopuliza rangi ya chini, ambayo ilikuwa nyeusi, Gibson alipiga picha kumi na tano mfululizo.

"Safi sana," Werema alisema. "Nyeusi kama roho ya mwanasiasa. Usiguse tena."

"Haiguswi, bosi."

Kesho yake asubuhi Mama Hyasinta alifika na fimbo yake na beseni lenye viazi vitamu chini ya kitambaa. Alizunguka Honda mara mbili.

"Nyeusi ya nini, watoto wangu? Kwani tumefiwa?"

"Bluu ingependeza," alisema Pelagia.

"Bluu ya wapi?" Gibson aliingilia, na hapa ndipo ajabu ilipomkuta, maana alitaka kusema kwamba bluu haifai, lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Kuna bluu nyingi. Kuna ya polisi, hiyo hapana. Kuna ya mabati, inapauka. Ziwa likiwa limetulia saa nne asubuhi, ukiwa umekaa pale Mwigobero, kuna bluu fulani..."

Wanawake wawili wakamtazama.

"Hiyo," alisema Mama Hyasinta. "Hiyo hiyo."

Gibson mwenyewe alikwenda Musoma kutafuta rangi. Alizunguka maduka matatu akiwasumbua wauzaji wachanganye upya, na alilipa kwa hela ya kuku. Njiani akirudi alijieleza vizuri sana: nikishapata kadi nitaipuliza nyeusi tena, kazi ya saa mbili. Alijiambia hivyo mara nne, na mara ya nne hakusikiliza.

Kazi ilichukua majuma matano. Gibson aliosha kabureta kwa mswaki. Alinyoosha spoki moja moja huku Pelagia akizungusha rimu na kusema "bado" mpaka alipochoka kusema bado. Jioni alirudi nyumbani kwa Mama Hyasinta, akakuta maji ya kuoga yamechemshwa. Siku moja alikuta kiatu chake kimeshonwa. Hakuna aliyetaja kiatu. Yeye naye hakutaja, ila alikwenda akachota maji ndoo tano bila kutumwa, akamwambia mama kwamba alikuwa anapima kisima.

Kila alipoingia chumbani alifunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena. Mama Hyasinta alimsikia, akaongeza sauti ya redio.

Siku ya kuwasha injini, Pelagia alimimina mafuta, akafunga plagi, akampa nafasi. "Piga wewe."

Gibson alipiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili, ikakohoa. Ya tatu, ile injini ndogo iliyolala na kuku miaka yote ikaanza kusema, tu-tu-tu-tu, kwa sauti ya chini na ya adabu, kama bibi anayesali rozari. Gibson alipiga yowe. Alimkumbatia Pelagia, akachafuka oili kuanzia shingo mpaka kiunoni, kisha akakumbuka yeye ni tapeli, akasafisha koo.

"Siyo mbaya," alisema.

Shukrani ikapangwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Mpango wa Gibson ulikuwa mfupi na mzuri: kadi mkononi, asante, machozi kidogo, kisha "nijaribu breki", na moja kwa moja Bunda. Kadi ilikuwa bado na jina la marehemu, lakini hilo lilikuwa dogo. Gibson alikuwa na mihuri minne ya aina mbalimbali. Werema alishaambiwa akae Bunda, asisumbuke.

Ijumaa, wakati wa chai, Mama Hyasinta alisema, "Nimetuma salamu Bugwema. Jumuiya ya kule wamempata mama yako."

Chai ikampalia Gibson.

"Mama yangu? Mama yangu anaumwa! Masikio. Na... miguu."

"Wamesema anacheza ngoma za kwaya. Mwanamke aliyejifungulia kwenye Honda ya mume wangu, halafu nifanye shukrani bila yeye? Watu wanionaje? Anakuja na wenzake, wamekodi gari."

Gibson hakumaliza chai. Mama yake, Jenoveva, alikuwa mama mkali wa Bugwema, muumini wa misa ya kwanza. Miaka mitatu mwanawe alikuwa hajamtembelea. Na Gibson alijua vizuri alikozaliwa: jikoni kwa bibi yake, kavu kabisa, mwezi wa nane, na pikipiki pekee iliyokuwepo wilaya nzima labda ilikuwa ya padri. Mama huyo atasimama mbele ya kanisa na kusema ukweli. Basi. Kadi haitatoka, na yeye atatoka kwa viboko.

Angeweza kukimbia Jumamosi. Alifungasha hata begi. Lakini milioni nne hazifungashiki, na begi lilibaki chini ya kitanda.

Jumapili Honda ilisimama ndani ya kanisa, mbele karibu na altare, bluu ya ziwa la saa nne, madigadi mapana yanang'aa, maua ya karatasi kwenye usukani. Watu waliizunguka kama bi harusi. Gari la Bugwema lilipofika Gibson aliruka kumwahi mama yake mlangoni, lakini akina mama wa jumuiya walikuwa wamekwisha kumzunguka kwa vigelegele. Alifaulu kumshika mkono tu.

"Shikamoo mama. Mama, sikiliza, wakikuuliza..."

"Marahaba. Umekonda," alisema Jenoveva. "Kumbe uko hai? Nikadhani wewe umezikwaga huko Musoma." Akapitishwa mbele, akakalishwa kiti chenye kitambaa, karibu na mbuzi aliyefungwa utepe shingoni.

"Huyu mbuzi wa nini?" Jenoveva alimwuliza jirani yake.

"Zawadi yako, mama. Na vitenge viwili hivi. Mama aliyezaa juu ya Honda ya marehemu Apolinary, kwenye ile mvua!"

Jenoveva alimtazama mbuzi. Akatazama vitenge, vilikuwa vizuri, vya nta. Akamtazama mwanawe, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka kama amemwagiwa. Watu husema Gibson Mugeta alijifunza ujanja mjini. Watu hao hawakumjua mwanamke aliyeuza furu wa juzi kwa miaka thelathini kama samaki wa asubuhi.

Padri alinyunyizia Honda maji ya baraka, kuanzia taa mpaka bomba la moshi. Kisha akamwalika mama wa mtoto atoe ushuhuda. Jenoveva alisimama, akaweka kitenge kimoja begani. Gibson akafumba macho.

"Ilikuwa mvua," Jenoveva alianza. "Mvua! Hata vyura walikuwa wanatafuta pa kujificha. Nikasikia tu-tu-tu. Nikasema, Bwana, hiyo ni malaika au ni Honda? Ilikuwa Honda!"

Vigelegele. Gibson akafumbua jicho moja.

Jenoveva aliwapitisha kwenye kila shimo la barabara. Alilia mahali pa kulia. Alipofika pale mtoto anapotoka, wanaume wawili walitoa vitambaa. "Na marehemu Apolinary akamwinua mtoto, akaniambia: Jenoveva, huyu ni wako, ila na mimi nina fungu. Akikua, amtunze mke wangu. Na kitu cha nyumba yangu asikiuze kamwe. Nikasema, ndiyo baba. Kwa hiyo leo, mbele yenu wote, namkabidhi. Gibson! Simama, mwanangu, wakuone!"

Gibson alisimama. Kanisa zima lilikuwa linampigia makofi, na kila kofi lilikuwa msumari.

Hapo mtu mwingine naye akasimama, benchi la tatu, upande wa wanaume. Alikuwa Werema. Hakukaa Bunda, mtu asiyetapeliwa haachi mali yake ijilete yenyewe. Alikuwa amekuja na pikapu yake kubeba mbwa wa polisi, na mbele yake alikuwa anaona kitu cha bluu chenye kikapu.

"Samahani, padri," Werema alisema, akiinyooshea Honda kidole. "Hii pikipiki, matairi yake, vioo vyake..."

"Huyo hapo!" Mama Hyasinta alipaza sauti, akainuka na fimbo yake. "Mnamwona? Nilitaka nimtaje mwisho, kajileta mwenyewe! Mzee Werema wa Bunda. Matairi, vioo, taa, ngozi ya siti, vyote katoa yeye, na hakutaka tumjue. Nimejua kwa maboksi tu. Ee mzee wangu, Mungu akuone!"

Akina mama walimfikia Werema kabla hajafunga mdomo. Kitenge kikatua begani mwake. Mmoja akampepea. Kwaya ilianza wimbo wa kushukuru, na mahali pa jina wakaweka Werema, na jina hilo lilijaa kanisa, likapanda mpaka kwenye bati. Mtu huyo alikuwa amejiandika mpaka kwenye ndoo, lakini hakuwa amewahi kuimbwa. Uso wake ulikuwa umekunjamana, kisha ukalainika, kisha kitu kama machozi kikaonekana.

"Ni kidogo tu," alisema. "Nilichojaliwa."

"Bunda kuna watu," padri alisema.

Ikabaki kadi. Mama Hyasinta aliitoa kwenye kopo, akaiweka mkononi mwa Gibson mbele ya watu wote, kama alivyoahidi. Gibson aliishika. Milioni nne zilikuwa zimelala kiganjani mwake, nyepesi kama kipande cha maganda ya vitunguu, na watu mia tatu walikuwa wanazitazama.

"Mwanangu ataipeleka Musoma kesho," Mama Hyasinta alitangaza, "ibadilishwe jina iwe langu. Katekista Eliasi atamsindikiza, asichoke njiani."

Katekista Eliasi, mtu mrefu aliyewahi kuwa mgambo, alisogea akamshika Gibson kiwiko kwa upole kabisa.

Honda ikasukumwa nje, na wakati watu wanakula, Gibson alimkuta Mama Hyasinta amekaa juu yake, anajaribu usukani.

"Hii Honda," mama alisema bila kuinua macho, "marehemu aliitoa kwenye boksi mwaka themanini na mbili. Tuliuza ng'ombe watano. Wewe umezaliwa sabini na tisa. Wakati huo hii ilikuwa bado mawe ya chuma huko Japani."

Gibson alikaa chini kwenye jiwe. Kwa tapeli wa mjini, zamani yote ni moja. Hakuwa amefikiria kwamba ndani yake kuna miaka.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu hujavaa kofia yako tena."

"Sasa kwa nini hukunifukuza?"

"Ulikuwa na njaa," alisema Mama Hyasinta. Akabonyeza honi, ikalia vizuri. "Na mimi nilikuwa nahitaji pikipiki."

Jenoveva alifika, mbuzi tayari yuko kwenye gari la Bugwema. Alipanda nyuma bila kuuliza, akajipanga vizuri kwenye siti ya watu wawili.

"Mama!" Gibson alisema. "Umedanganya kanisani!"

"Mimi? Mimi nimeshuhudia. Kama kuna uongo, aliuleta nani?" Akamshika mwanawe shavu, akalifinya, kidogo kwa hasira na zaidi kwa mapenzi. "Miaka mitatu, Gibson. Ilibidi nitumiwe salamu na mama wa mtu mwingine."

Pelagia aliweka chupa ya uji kwenye kikapu. Mama Hyasinta akapiga kiki mara moja tu, maana ujanani yeye ndiye aliyekuwa anamrudisha marehemu kutoka kwenye pombe, na wale wanawake wawili wakaondoka, tu-tu-tu, kuelekea Kiabakari. Walikuwa wanacheka kitu. Hakuna hata tope lililowarukia.

Gibson alibaki amesimama. Hana kadi, Eliasi alikwisha kuiweka kwenye Biblia. Hana milioni nne, hana fremu mtaa wa Mukendo, na hela ya kuku yote alikuwa ameipaka kwenye bodi ya Honda. Werema alikuwa anamjia, kitenge bado begani. Gibson akajiandaa kupigwa.

"Wewe," Werema alisema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. "Ule wimbo. Wanaweza kuja kuuimba na Bunda?"

Kabla Gibson hajapata jibu, alivutwa shati kwa nyuma. Alikuwa bibi mdogo, mkavu, ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa, akampa. Alikuwa amemwekea mnofu.

"Kula, mwanangu. Nimekusikia leo, nikalia." Akasogea karibu zaidi, macho yanameta. "Sasa na mimi, marehemu wangu aliachaga Yamaha. Iko nyuma ya ghala. Hebu kumbuka vizuri: hukuzaliwa na juu ya hiyo?"

Gibson alimtazama bibi. Akamtazama Werema. Akamtazama Pelagia, ambaye alikuwa amegeuka upande wa pili na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Akavua kofia polepole.

"Mama," alisema, "ina rangi gani?"